Namna ya kukagua, kusafisha na kubadilisha vali ya PCV ili injini ipumue

Maswali ni yale yale kila mara. Kwa nini gari linavuja oili kwenye sili iliyobadilishwa juzi tu? Kwa nini kuna oili ndani ya boksi la filta ya hewa? Kwa nini silensa, yaani mngurumo wa injini gari likiwa limesimama bila kukanyagwa mafuta, haitulii ingawa plagi ni mpya? Je, ule ute mweupe chini ya kifuniko cha kujazia oili ni dalili kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua? Wengi wanaouliza hivyo wameshaambiwa kwamba injini imechoka na haina budi kufunguliwa. Baadhi ya injini hizo zimechoka kweli, lakini nyingine hazina kasoro yoyote isipokuwa njia yao ya kupumulia imeziba, na njia hiyo katika magari mengi hukaguliwa kwa muda wa saa moja hivi, kwa vifaa vya kawaida kabisa. Mwongozo huu umeandikwa ili ukaguzi huo ufanyike kwanza, kabla ya sili yoyote kung'olewa na kabla ya injini kushushwa.

Maelezo machache kabla ya kazi

Ringi za pistoni haziwezi kuziba kwa asilimia 100, hata katika injini mpya. Kila mchanganyiko wa hewa na petroli unapowaka ndani ya silinda, sehemu ndogo ya gesi hupenya pembeni mwa ringi na kushuka hadi kwenye tumbo la injini, yaani ule uwazi unaozunguka krankishafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) juu ya sampu ya oili. Gesi hiyo hubeba mvuke wa maji, petroli ambayo haikuungua, masizi na kemikali zenye asili ya asidi. Ikikosa pa kutokea, shinikizo lake husukuma oili ipenye kwenye sili na gasketi, na uchafu wake hujichanganya na oili hadi ikawa tope zito linaloziba vijia ambavyo oili hupita kwenda kulainisha vyuma.

Magari ya zamani yalikuwa na bomba lililotupa gesi hiyo chini barabarani. Kuanzia magari ya mwaka 1961 yaliyouzwa California, Marekani, ulianza kufungwa mfumo ambao hautupi gesi nje bali huifyonza na kuirudisha kwenye manifoldi ya kuingizia hewa ili iunguzwe pamoja na petroli, huku hewa safi iliyokwisha kupita kwenye filta ikiingia upande wa pili wa injini kuchukua nafasi yake. Kati ya tumbo la injini na manifoldi hukaa vali ndogo inayoitwa vali ya PCV (kifupi cha Kiingereza Positive Crankcase Ventilation, yaani upitishaji wa hewa kwenye tumbo la injini), na ndani yake mna kipini na springi. Injini ikiwa kwenye silensa, manifoldi hufyonza kwa nguvu, kipini huvutwa na kuacha mwanya mwembamba tu. Dereva akikanyaga mafuta, ufyonzaji hupungua, springi hurudisha kipini nyuma na mwanya hupanuka, wakati ule ule ambapo gesi inayopenya imeongezeka. Moto ukirudi nyuma kupitia manifoldi, vali hujifunga ili usifike kwenye tumbo la injini. Nadharia utakayohitaji inaishia hapo.

Vitu vya kuandaa

– Kitabu cha gari lako, au mchoro wa njia za hewa ambao katika magari mengi hubandikwa chini ya boneti.
– Vali mpya yenye namba ya kipuri inayolingana na injini yako, pamoja na grometi yake, yaani ile pete ya mpira inayoishika vali mahali pake.
– Kipande cha mpira mpya unaohimili oili na mvuke wa petroli, wenye kipenyo cha ndani sawa na cha ule wa zamani, na klipu mpya.
– Plaisi, bisibisi, na spana au soketi ikiwa vali ya gari lako ni ya kukaza kwa nati.
– Dawa ya kupuliza ya kusafishia throto (mlango unaodhibiti hewa inayoingia kwenye injini) au kabureta.
– Karatasi nyepesi, tochi, na vitambaa safi visivyoacha nyuzi.
– Glavu na miwani ya kukinga macho.

Fanya kazi mahali penye hewa ya kutosha, gari likiwa kwenye sakafu tambarare na breki ya mkono imevutwa. Baadhi ya hatua hufanyika injini ikiwa imewashwa, kwa hiyo funga mikono ya shati, vua chochote kinachoning'inia shingoni, na uweke mikono mbali na mikanda na feni, ambayo inaweza kuanza kuzunguka yenyewe bila kukuarifu. Dawa ya kusafishia huwaka moto kwa urahisi sana. Usiipulize kamwe karibu na ekzosi yenye moto au injini ikiwa inanguruma.

Hatua za kazi

1. Pima kiwango cha oili kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Injini ikiwa imezimwa kwa dakika kadhaa, chomoa dipstiki, ipanguse, irudishe, kisha uichomoe tena na kuisoma. Oili ikiwa imepita alama ya juu, krankishafti inaweza kuikoroga hadi itoe povu, na povu hilo hufyonzwa na mfumo wa kupumua hata kama vali ni nzima. Nimeona watu wakibadilisha vali mara mbili kwa tatizo ambalo lingeisha kwa kupunguza oili iliyozidi. Rekebisha kiwango kwanza, kisha uwashe injini na uiache ipate joto lake la kawaida.

2. Tambua njia mbili za mfumo. Kwanza tafuta vali yenyewe. Katika injini nyingi imechomekwa kwenye kifuniko cha juu cha injini, kile ambacho mafundi hukiita tapeti kava, na kutoka hapo mpira huelekea kwenye manifoldi, nyuma ya kipepeo cha throto. Katika injini nyingine vali imefichwa pembeni mwa bloku, chini ya manifoldi, na katika nyingine imejengwa ndani ya kifuniko chenyewe. Kisha tafuta mpira wa hewa safi, ambao hutoka kwenye bomba kati ya filta ya hewa na throto na kuingia upande mwingine wa kifuniko. Anayeanza mara nyingi huuchukua mpira wa hewa safi akadhani ndio wenye vali, au huuchanganya na mpira wa buta ya breki, yaani kifaa kinachoongeza nguvu ya breki. Fuata kila mpira kwa kidole tangu ncha moja hadi ya pili, na upige picha kwa simu kabla ya kuchomoa chochote.

3. Fanya jaribio la karatasi. Zima injini, chomoa mpira wa hewa safi kwenye kifuniko cha injini, na uzibe vizuri ncha ya mpira inayobaki kwenye bomba la filta, kwa sababu katika injini yenye kipima hewa tundu hilo likiachwa wazi litaingiza hewa ambayo haikupimwa na silensa itavurugika. Washa injini, iache kwenye silensa, na uweke karatasi nyepesi juu ya tundu ulilolifungua kwenye kifuniko. Baada ya kama dakika moja karatasi inapaswa kuvutwa na kujishikiza. Ikipepea na kusukumwa nje, gesi inaingia kwenye tumbo la injini kwa wingi kuliko inavyotolewa.

Wengi hufanya jaribio hili kwenye tundu la kujazia oili, nalo hutoa jibu lile lile, lakini katika baadhi ya injini cheni au kamshafti hurusha oili ya moto juu kupitia tundu hilo mara tu kifuniko kinapoondolewa. Ndiyo maana mimi hulifanya kwenye tundu la mpira wa hewa safi. Ukimaliza, zima injini na uurudishe mpira huo.

4. Bana mpira wa vali. Injini ikiwa kwenye silensa, bana kwa plaisi yenye meno yaliyofungwa kitambaa ule mpira unaotoka kwenye vali kwenda kwenye manifoldi. Katika mfumo wenye afya utasikia mlio mdogo wa kipini kikigonga ndani ya vali, na mngurumo utabadilika kidogo, kwa kawaida kwa kushuka. Kama hakuna kinachobadilika, huenda vali au mpira umeziba. Kama silensa iliyokuwa ikiyumba inatulia kabisa unapobana, basi vali imekwama wazi na inapitisha hewa nyingi mno. Mpira mkavu uliokomaa unaweza kupasuka ukibanwa, na ukipasuka usisikitike, kwa sababu ulikuwa unahitaji kubadilishwa hata hivyo.

5. Zima injini, iache ipoe, kisha ing'oe vali. Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa hiyo usiharakishe. Legeza klipu, zungusha mpira kidogo kulia na kushoto ili uachane na vali, ndipo uuvute. Usiuvute moja kwa moja kwa nguvu, kwa sababu vali nyingi ni za plastiki iliyokaushwa na joto la miaka na shingo yake hukatika ikabaki ndani ya mpira. Vali ya kuchomeka itolewe kwa kuizungusha huku ukiivuta juu. Ya nati ilegezwe kwa spana ya saizi kamili.

Grometi ndiyo ya kuogopwa zaidi. Ikiwa mpya huwa laini na hunyumbuka, lakini baada ya miaka mingi juu ya injini yenye joto hugeuka ngumu kama ganda la nazi, na unapoivuta vali inaweza kumeguka vipande vipande, kipande kimoja kikaanguka ndani ya injini. Kabla ya kuigusa, safisha eneo lote linaloizunguka. Ukiona imepasuka au imekakamaa, usiichokonoe kwa bisibisi kuelekea ndani. Ikate kwa uangalifu kwa ncha kali ukiinua kila kipande kuelekea juu kwa koleo lenye ncha nyembamba, na uhesabu vipande hadi duara likamilike. Kikipungua kimoja, kitafute kwa tochi; sumaku haitakusaidia, kwa kuwa ni mpira. Ni afadhali kukifungua kifuniko cha injini kuliko kukiacha kipande hicho kisafiri hadi kwenye chujio la pampu ya oili.

6. Ichunguze vali mkononi. Itikise karibu na sikio: kipini kinapaswa kugonga kwa mlio mkavu na wa wazi. Mlio mzito au kimya ni alama ya kipini kilichoganda. Hata hivyo, usiridhike na mlio peke yake, kwa sababu vali yenye springi iliyochoka nayo hugonga vizuri tu ilhali haipitishi kiasi sahihi cha gesi. Puliza hewa kwa mpira mdogo safi upande wa injini, nayo ipite. Puliza upande wa manifoldi, nayo ipite kidogo sana au isipite kabisa. Usiweke mdomo wako moja kwa moja kwenye vali iliyotumika, wala usivute hewa kupitia kwayo, maana mabaki yaliyomo ni sumu.

Niliwahi kubadilisha sili ya nyuma ya krankishafti katika gari ambalo lilirudi baada ya majuma machache likivuja pale pale. Sili ya pili nayo ikaanza kulowa. Ndipo nilipoing'oa vali, nikaitikisa, na haikutoa sauti yoyote. Nilipoielekeza kwenye mwanga niliona kipini kimegandishwa na tabaka la lami nyeusi inayong'aa, iliyojaza mwanya wote kiasi kwamba hata ncha ya sindano haikupenya. Gesi yote ya injini ile ilikuwa inatafuta tundu la kutokea, na sili mpya, ambayo mdomo wake ulikuwa bado laini, ndiyo iliyokuwa njia rahisi kuliko zote. Kushusha gia boksi mara mbili ni kazi ya siku nzima kila mara, na kuitikisa vali ni kazi ya dakika moja. Tangu siku hiyo sikubali kubadilisha sili yoyote ya krankishafti bila kuipima kwanza pumzi ya injini.

7. Amua kama unasafisha au unabadilisha. Vali ya chuma ambayo imechafuka kidogo inaweza kupulizwa dawa ndani, ikatikiswa, ikamwagwa, na kazi hiyo ikarudiwa hadi dawa itoke safi na kipini kigonge kwa wazi. Kisha iache ikauke kabisa. Vali ya plastiki, na hasa ile yenye kiwambo cha mpira ndani, usiipulizie dawa ya kabureta, kwa kuwa dawa hiyo hudhoofisha mpira. Maoni yangu ni kwamba kusafisha ni njia ya kupata jibu, kwa maana ya kuona kama dalili zinaondoka, lakini vali iliyokwisha kuganda mara moja ibadilishwe.

Unaponunua, usichague kwa kutazama umbo. Vali mbili zinaweza kufanana kama mapacha na kuingia kwenye tundu lile lile, ilhali springi na mianya yake imepimwa kwa injini tofauti. Vali isiyo yake huifanya injini iyumbe kwenye silensa au ifyonze oili, na anayeitafuta hitilafu baadaye hataishuku kwa sababu ni mpya.

8. Safisha njia yote, si vali tu. Vua mpira wote unaokwenda kwenye manifoldi, uutazame ndani kwa tochi, na uubonyeze kwa vidole kila mahali. Sehemu iliyolainika na kuvimba hujikunja na kujiziba manifoldi inapofyonza, ingawa ukiitazama injini ikiwa imezimwa utaiona iko wazi kabisa; hili ni kosa linalowapita hata mafundi wazoefu. Sehemu iliyokakamaa ina nyufa, mara nyingi upande wa chini pasipoonekana. Usiweke mpira wa rejeta au wa maji badala yake, kwa sababu oili huulainisha na utajikunja baada ya muda mfupi. Angalia pia tundu la kwenye manifoldi ambako mpira unachomekwa, kwani masizi hujikusanya hapo hadi kubaki kijitundu. Yakwangue taratibu, ukifuta kwa kitambaa badala ya kuyasukuma ndani.

Chini ya kifuniko cha injini, mahali vali inapochomekwa, mara nyingi pana kikingio cha bati au plastiki chenye kazi ya kuzuia matone ya oili yasifyonzwe pamoja na gesi. Ukichungulia kwa tochi ukakiona kimejaa tope, vali mpya peke yake haitatosha: kifuniko kifunguliwe, kisafishwe na kukaushwa, na gasketi yake iwe mpya.

9. Kagua upande wa hewa safi. Fungua boksi la filta. Oili iliyolowesha filta au kutuama chini ya boksi ni ushahidi kwamba gesi ilikuwa inarudi nyuma kupitia njia ya hewa safi, kwa sababu njia yake halali ilikuwa imeziba au gesi imekuwa nyingi kuliko uwezo wa vali. Futa oili yote, badilisha filta, na uusafishe mpira. Injini nyingine zina kichujio kidogo cha sponji ndani ya boksi hilo, nacho husahaulika kwa miaka.

10. Rudisha kila kitu mahali pake. Paka oili kidogo kwenye grometi mpya ili vali iingie bila kuichana, na uhakikishe upande wa vali unaoelekea kwenye manifoldi ndio unaoshika mpira. Vali nyingi zina mshale unaoonyesha mwelekeo wa gesi. Ikifungwa kinyume haitapitisha kitu. Vali ya nati isikazwe kwa nguvu nyingi, hasa kwenye kifuniko cha alumini au plastiki. Linganisha na picha uliyopiga, kisha uwashe injini na urudie jaribio la hatua ya 3. Ukisikia mluzi wa hewa ukivuja, tafuta unakotokea kabla ya kufunga boneti.

11. Badilisha oili na filta yake ikiwa uliikuta njia imeziba. Oili iliyokaa na gesi hiyo imebeba maji, petroli na asidi, na hakuna sababu ya kuiacha iendelee kuzunguka katika injini ambayo umekwisha kuifungulia pumzi.

Makosa yanayoharibu zaidi

Usizibe mfumo huu, na usiuache wazi. Wapo wanaoona oili kwenye bomba la hewa wakaamua kuuziba mpira kwa boliti; injini hiyo itatafuta pa kutokea kwa shinikizo, na itapapata kwenye sili. Wapo wanaouchomoa mpira na kuuning'iniza chini ya gari. Hao wameirudisha injini kwenye hali ya kabla ya mwaka 1961: hakuna tena ufyonzaji wa kuondoa unyevu, hewa safi haizunguki, harufu ya gesi huingia ndani ya gari, na vumbi hupata njia ya kuingia kwenye injini.

Usisahau pia safari fupi. Maji yaliyomo kwenye gesi huondoka tu injini ikipata joto lake na kudumu nalo. Gari linalowashwa, likaenda mwendo wa dakika 5 na kuzimwa, siku baada ya siku, hukusanya maji hata kama vali yake ni mpya, na mwenye gari la namna hiyo anahitaji kubadilisha oili mapema kuliko anayesafiri masafa marefu.

Injini zisizofuata utaratibu huo

Magari mengi ya kisasa hayana vali ya kipini bali yana kiwambo cha mpira kilichojengwa ndani ya kifuniko cha injini. Kiwambo hicho kikichanika, dalili zake ni kinyume cha kuziba: manifoldi hufyonza tumbo la injini kupita kiasi, kifuniko cha oili kinakuwa kigumu kuinua injini ikinguruma, na husikika mluzi au mlio wa kuomboleza ambao hukoma mara dipstiki inapochomolewa kidogo. Katika baadhi yake kiwambo huuzwa peke yake, katika nyingine hubadilishwa kifuniko kizima.

Injini yenye tabo huhitaji vali za njia moja zinazofanya kazi sawasawa, kwa sababu tabo inaposukuma hewa manifoldi haifyonzi tena bali ina shinikizo, na gesi hupelekwa kwenye mdomo wa kuingilia wa tabo. Vali ikishindwa kujifunga, shinikizo la tabo lote litaingia kwenye tumbo la injini, na kijiti cha dipstiki kinaweza kusukumwa nje.

Dizeli kwa kawaida haina ufyonzaji mkubwa kwenye manifoldi, kwa hiyo hutumia kitenganisha oili na kidhibiti shinikizo, na baadhi zina filta yake ambayo hubadilishwa kwa ratiba ya kitabu cha gari. Majaribio ya karatasi na kubana mpira yaliyoelezwa hapo juu yasitumiwe kuihukumu dizeli.

Katika injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ukungu wa oili unaofyonzwa hugandamana nyuma ya vali za kuingizia hewa kwa kuwa hakuna petroli ya kuziosha. Kitenganisha oili kilicho kizima kina umuhimu wa pekee katika injini hizo.

Dalili zisipoondoka

Jaribio la karatasi bado linaonyesha shinikizo ingawa vali, mpira na tundu la manifoldi vyote ni safi. Hapa ndipo ringi zinapostahili kushukiwa. Pima kompreshoni, yaani shinikizo la kubana hewa, ya kila silinda, kisha mimina oili kidogo kwenye silinda iliyo dhaifu na upime tena. Kipimo kikipanda kwa kiasi kikubwa, ringi au ukuta wa silinda umelika. Kisipopanda, tazama vali za silinda hedi na gasketi.

Taa ya injini imewaka na mashine ya kusomea inaonyesha P0171 au P0174, yaani mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Vali iliyokwama wazi, mpira wenye ufa au kiwambo kilichochanika vinaweza kuleta namba hizo. Kagua viungo vyote ulivyovigusa kabla ya kununua sensa yoyote.

Silensa imepanda au inayumba tangu vali mpya ilipofungwa. Hakiki namba ya kipuri, mwelekeo wa vali na ukazaji wa klipu, kwa mpangilio huo. Ikiwa vyote ni sahihi, endesha gari kwa safari chache, kwani kompyuta ya injini huhitaji muda kujirekebisha kwa kiasi kipya cha hewa.

Gari linatoa moshi wa bluu baada ya kazi. Oili iliyokuwa imetuama kwenye manifoldi itaungua kwa muda na moshi utapungua. Usipopungua, rudi kwenye kikingio cha chini ya kifuniko na kwenye kiwango cha oili.

Ute mweupe bado upo chini ya kifuniko cha oili. Ufute, kisha pima maji ya rejeta injini ikiwa baridi na uyaandike. Endesha gari kwa mwendo wa barabara kuu kwa zaidi ya nusu saa, na utazame tena baada ya siku chache. Ikiwa maji hayapungui na oili ya kwenye dipstiki ina rangi yake ya kawaida, ulikuwa unyevu tu na utaendelea kupungua. Ikiwa maji yanapungua na dipstiki yenyewe inatoka na oili yenye rangi ya maziwa, usiliwashe gari tena hadi gasketi ya silinda hedi ikaguliwe.

Sili inaendelea kuvuja ingawa shinikizo limekwisha. Sili iliyosukumwa kwa muda mrefu mdomo wake huwa umekwisha kupinduka au kukakamaa na hauwezi kujirudi. Osha eneo hilo, endesha gari kwa siku kadhaa ili uone oili inatokea wapi hasa, ndipo ubadilishe sili hiyo.